Miwani ya VR, PlayStation au Simu?

Miwani ya Meta Quest 3S ilipoingia sokoni Oktoba 2024 ilianzia dola 299. PlayStation VR2 ya Sony ilitoka Februari 2023 kwa dola 549, kisha Machi 2025 ikashushwa hadi 399. Ukiishia hapo utadhani tofauti ni dola mia tu. Kumbe miwani ya Sony haijitegemei: inataka PlayStation 5 (PS5), ambayo yenye diski ilizinduliwa kwa dola 499, au kompyuta yenye nguvu pamoja na adapta yake. Quest ina kompyuta humo humo ndani. Inahitaji Wi-Fi na akaunti basi. Kwa nyumba isiyo na PS5, sioni cha kubishania. Na hizo ni bei za Marekani. Mpaka mzigo ufike Dar es Salaam kuna nauli, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka.

Gharama isiyoandikwa kwenye boksi ni nafasi. Kwa gemu za kutembeatembea, Meta hupendekeza eneo tupu la mita 2 kwa 2. Sasa itazame sebule: meza ya kioo katikati, kabati la vyombo, pangaboi juu. Anayecheza Beat Saber anakata vitofali vinavyomjia kwa panga mbili za mwanga, jasho linamtoka (mazoezi ya kweli hayo), ila kabati halioni.

Halafu kuna kichefuchefu. Macho yanaambiwa unakimbia, sikio la ndani linasema umesimama, na tumbo ndilo linaloumia. Gemu za kusimama pale pale huwasumbua wachache. Za mbio za magari ni balaa. Wapo wasioweza kabisa, kwa hiyo ukipata mahali wanapokodisha kwa dakika, lipa ujaribu kwanza. Umri nao uangalie: Meta wanaanzia miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, Sony miaka 12. Lenzi za Quest 3S zina nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68, na mtoto ambaye macho yake yamekaribiana kuliko hapo ataona ukungu.

Kwa fedha ya kawaida, mimi ningechukua PS4 ya mtumba yenye sehemu ya diski. Diski unaazima, unabadilishana, ukiichoka unaiuza. PS5 isiyo na diski ilizinduliwa ikiwa pungufu kwa dola 100, lakini kila gemu utainunua mtandaoni, huwezi kuiuza tena, na kuipakua kunameza bando. Dukani, usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka tu. Weka diski, cheza nusu saa, sikiliza feni. Kisha weka padi mezani bila kuigusa: mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti kimekufa.

Simu ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu gemu zake nyingi ni za bure, na malipo huja ukiwa ndani. Desemba 2022, Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuwatuhumu kupanga vitufe kwa namna iliyowafanya wachezaji, watoto wakiwemo, wanunue bila kukusudia. Kabla ya kumpa mtoto simu, ondoa kadi na weka nywila kwenye kila malipo. Kibanda cha gemu cha mtaani, ambacho wazazi wengi hukidharau, kwa hili kina afadhali: hela ikiisha, padi anakabidhiwa mwingine.

Faida zipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwapima madaktari 33 wa upasuaji kwa mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo; waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa 3 kwa wiki walikosea kwa asilimia 37 pungufu kuliko wasiocheza kabisa. Haithibitishi kuwa gemu ndizo zilizowapa mikono ile. Upande wa pili, tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya WHO ina ugonjwa wa gemu, lakini hautajwi kwa likizo moja ya kucheza sana: kwa kawaida daktari hutazama miezi 12 ambayo shule, kazi na jamaa vimeachwa.

Mtoto akijaribu miwani asitapike, na bado akaing'ang'ania, mnunulie Quest 3S. Chaji yake hudumu kama saa mbili na nusu, kasoro ambayo mzazi hana haja ya kuilalamikia.