Namna ya Kuiongezea Skuta Mwendo

Skuta ni ile pikipiki ndogo yenye sakafu ya kuwekea miguu, na bamba la mbele la kumkinga mpandaji asirukiwe na matope. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, kilitoa Vespa ya kwanza mwaka 1946, nayo ilibuniwa na mhandisi Corradino D'Ascanio. Mwaka uliofuata kiwanda cha Innocenti cha Milan kikatoa Lambretta. Injini ya Vespa ile ilikuwa ya sentimeta 98 za ujazo tu, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 60 kwa saa. Haikuundwa kwa mashindano, bali kumfikisha mtu kazini kwa gharama ndogo.

Walakini wenye skuta wengi hutamani mwendo zaidi. Jambo hilo si baya, lakini yafaa mtu ajue kwanza mwendo hutoka wapi, maana wako waliotoa fedha nyingi wakapata kelele tu, na wako walioharibu injini nzima.

ADUI NI UPEPO

Mambo mawili yasichanganywe. La kwanza ni wepesi wa kuondoka, yaani skuta kushika kasi upesi inapotoka mahali iliposimama. Hapa adui ni uzito. Skuta ya kilo 100 yenye mpandaji wa kilo 70 ni mzigo wa kilo 170. Ukimpakia mwenzako wa kilo 70 mzigo huwa kilo 240, wala injini haikuongezeka hata kidogo.

La pili ni mwendo wa juu, na hapa adui mkubwa ni upepo. Ukitaka kuzidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kuushinda upepo huhitajiwa mara nane. Hata kutoka kilomita 60 hadi 75 kwa saa hutaka nguvu karibu mara mbili. Ndiyo sababu mwendo mdogo wa nyongeza hugharimu fedha nyingi. Mwaka 1951 Romolo Ferri alifikia kilomita 201 kwa saa kwa Lambretta ya sentimeta 125 za ujazo. Lakini mashine ile ilifunikwa yote kwa ganda laini mfano wa samaki, na injini yake ilitiwa mtambo wa kusukuma hewa. Haikuwa skuta ya kwendea sokoni.

RUDISHA KWANZA KILICHOPOTEA

Mara nyingi skuta nzito kwenda haikukosa nguvu tangu kiwandani, bali nguvu yake imeibiwa kidogo kidogo. Basi kabla ya kununua kitu cho chote, tazama haya:

Tairi. Tairi lenye upepo haba hukokota. Pima upepo lingali baridi, ulijaze kwa kipimo cha mtengenezaji.

Breki. Inua gurudumu, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika daima nawe unashindana nayo njia nzima.

Chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu huliziba upesi. Lisafishe au libadilishe, lakini usiliondoe kabisa, maana vumbi likiingia hula silinda kama msasa.

Plagi. Plagi iliyochakaa au iliyojaa masizi hutoa cheche dhaifu.

Bomba la moshi. Katika injini za mapigo mawili, ambazo oili huungua pamoja na petroli, masizi hujenga ukuta ndani ya bomba na katika tundu la kutolea moshi. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Fundi akikwangua masizi hayo, mara nyingi mwenye skuta hudhani amepewa injini mpya.

Wengine hutoboa bomba, au huondoa vyumba vya ndani, wakidhani mlio mkubwa ni nguvu kubwa. Sivyo. Bomba la injini ya mapigo mawili limepimwa ili wimbi la moshi lirudi na kuzuia petroli mbichi isitoroke. Ukilivuruga, jirani zako hukosa usingizi nawe hukosa nguvu.

MKANDA NA ROLA

Skuta nyingi za siku hizi hazina gia za mkono. Mkanda wa mpira huzunguka puli mbili, na ndani ya puli ya mbele mna rola zinazoisukuma ibane mkanda kadiri injini inavyozidi kuzunguka. Mkanda ukichakaa huwa mwembamba, haupandi tena hadi ukingo wa puli, na mwendo wa juu hupungua. Rola zilizolika upande hufanya vivyo hivyo. Ukitia rola nyepesi kidogo, skuta huondoka upesi na kupanda vilima vizuri, lakini hunywa petroli zaidi na mwendo wa juu hauongezeki. Hakuna cha bure: ukipata huku, hulipa kule.

BARA NA PWANI

Mwenye skuta wa Kenya ana jambo lake la kujihadhari. Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi, hata injini yenye kabureta hupoteza nguvu kama sehemu moja katika sita. Hewa ikipungua, petroli nayo huwa nyingi mno kwa hewa ile. Kwa hiyo mafundi hutia katika kabureta kijiti cha shaba chenye tundu dogo zaidi, na injini hupata wepesi. Lakini skuta hiyo ikiteremka hadi Mombasa, hukuta hewa nzito na petroli chache. Injini hupata moto kupita kiasi, pistoni huvimba na kukwama ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma hufunga ghafula. Basi ukiteremka, rudisha tundu la zamani. Tena, oili ya kuchanganya na petroli isipunguzwe kwa tamaa ya kuokoa senti: mashine nyingine hutaka sehemu 1 kwa 20, nyingine 1 kwa 50. Fuata kitabu cha mtengenezaji. Injini ya mapigo mawili ikianza kulegea ghafula njiani, bana klachi mara moja.

BREKI KABLA YA MWENDO

Mwisho, kila nyongeza ya mwendo ina deni lake. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali unaohitajiwa na breki kukusimamisha huzidi mara nne. Kutoka kilomita 60 hadi 75, umbali huo huzidi kwa zaidi ya nusu. Magurudumu ya skuta ni madogo, na shimo ambalo baiskeli hulivuka laweza kumwangusha mwenye skuta. Basi atakaye mwendo na atengeneze kwanza breki, tairi na taa, avae kofia ngumu, ndipo aiguse injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mwili wa mtu haujengwi upya kwa urahisi.