Siku 28 za London, siku 28 za Dar

Ukipata ofa mbili za kazi Dar es Salaam, moja ya kampuni tanzu ya wageni na nyingine ya kampuni ya nyumbani, macho hukimbilia mshahara. Mimi ningeanza na likizo, maana huko ndiko tarakimu zinakodanganya.

Uingereza, mfanyakazi wa siku tano kwa wiki ana haki ya siku 28, nazo ni siku za kazi, ingawa sikukuu zaweza kuhesabiwa humo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inasema 28, lakini mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, hizo ni siku 20 tu. Kenya wanaandika 21, ila za kazi, kwa hiyo Mkenya mwenye 21 anamzidi jirani yake mwenye 28! Barua ya ajira iliyonakiliwa kutoka makao makuu isipotaja ni siku zipi, uliza kabla ya kusaini.

Kwenye uzazi ndiko kwenye pesa. Sheria yetu inampa mama siku 84 za malipo. Mwaka 2015 Vodafone ilitangaza kiwango kimoja kwa matawi yake duniani: wiki 16 kwa mshahara kamili, kisha miezi sita ya kufanya kazi saa 30 kwa wiki bila kukatwa. Tuseme kampuni ya wageni yenye sera ya namna hiyo inakupa 1,200,000 kwa mwezi, na ya nyumbani 1,400,000 kwa kufuata sheria tupu. Wiki hizo 16 zinazidi zile siku 84 kwa siku 28, ambazo hazifiki mshahara wa mwezi. Saa 15 unazopunguziwa kila wiki, kutoka 45, ni sawa na miezi miwili mingine. Jumla kama 3,500,000, dhidi ya nyongeza ya 2,400,000 kwa mwaka. Mwaka wa kujifungua mgeni anashinda. Miaka mingine anashindwa. Aliyekwisha kumaliza kuzaa achukue mshahara mkubwa.

Malipo ya kuachishwa kazi kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka kumi. Ukiahidiwa zaidi, yaandikwe.

Halafu soma jina la mwajiri. Fulana yenye nembo ya kampuni kubwa huvaliwa pia na walioajiriwa kupitia wakala, na hao sera ya makao makuu huenda isiwaguse kabisa.