Zoezi la Kusimama Imara

Mtoto akijikwaa huinuka, akajipangusa vumbi na kuendelea kukimbia. Mzee wa miaka 70 akiteleza bafuni, huenda safari ikaishia wodini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Wanaokufa zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hata anayepona huweza kubaki na hofu. Akiogopa hatembei, asipotembea misuli hunywea, na miguu iliyonywea humwangusha tena.

Je, mtu husimamaje bila kuyumba? Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na neva za misuli na viungo. Kisha huiamuru misuli isahihishe mwili kabla haujaelemea upande mmoja. Kazi hiyo hufifia kwa umri, lakini huimarika kwa mazoezi.

Mwaka 2022 watafiti nchini Brazil walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Mmoja kati ya watano hivi hakuweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na katika kundi hilo vifo vya miaka iliyofuata vilikuwa vingi zaidi. Si kwamba mguu mmoja huzuia kifo. Ni kipimo tu cha hali ya mwili.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vyuma wala kiingilio. Simama karibu na ukuta au meza nzito, pekupeku au kwa viatu visivyoteleza. Kandambili weka kando.

Kwanza, keti kwenye kiti imara, kisha inuka na kuketi mara 10, bila kujisukuma kwa mikono kama unaweza. Pili, ukishika ukuta, inua visigino taratibu na kuvishusha, mara 10. Tatu, tembea hatua 10 kwa mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Nne, simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha badilisha. Ukizoea, ongeza hadi 30. Usibane pumzi, wala usifumbe macho ungali mwanagenzi.

Fanya hivyo angalau siku tatu kwa wiki. Mwenye kizunguzungu, aliyewahi kuanguka, au anayetumia dawa za shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Neno la mwisho ni kwa vijana. Tumezoea kumheshimu mzee kwa kumkalisha: maji ataletewa, na akitaka kuinuka ataambiwa apumzike. Nia ni njema, lakini heshima hiyo humdhoofisha. Mama akitaka kuinuka, simama karibu naye, mpe mkono akiuhitaji, na umwache ainuke mwenyewe. Wewe nawe usingoje uzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta.