Fahamu: Mpelelezi wa ulanguzi wa binadamu hutafuta nini?

Mwaka 2022, BBC Africa Eye ilifichua jinsi watoto wenye ulemavu walivyotolewa Tanzania na kulazimishwa kuombaomba mitaani Nairobi.

Idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, DCI, ina kitengo maalumu cha kesi hizi. Kumkamata mshukiwa si kazi. Kazi ni kuthibitisha nia. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu inataka ionekane kwamba mtu alichukuliwa ili anyonywe. Basi mpelelezi hufuata pesa: nauli ilitoka kwa nani, kodi ya chumba analipa nani, makusanyo ya jioni yanatumwa kwa M-Pesa ya nani. Mwathiriwa akisema "nilikubali mwenyewe", hilo halimwokoi aliyemhadaa. Kwa mtoto, hata hadaa si lazima ithibitishwe.

Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ila mwathiriwa akirudishwa kwao kabla ya kutoa ushahidi, kesi huyumba, na hapo ndipo serikali inapaswa kuwekeza zaidi: makazi salama ya mashahidi.