Tumbo Limekatwa Lakini Mtaa ni Ule Ule: Vile Utaishi Fiti Kitengela Baada ya Operesheni ya Uzito

Leo tunaongea kuhusu kitu watu hufanya kimya kimya lakini mtaa mzima unajua: operesheni ya kupunguza uzito. Story unaijua. Msee anapotea kwa base miezi mitatu, akirudi suruali inaning'inia na kila mtu anauliza alikula nini. Wengine wala hawafichi. Peter Msechu, yule msanii wa Bongo tuliyemjua Tusker Project Fame, alijitokeza waziwazi akasema aliwekewa puto tumboni pale Mloganzila, Dar es Salaam.

Hatuko hapa kuhukumu mtu. Tuko hapa juu ya ile kitu hakuna mtu huposti: mwaka wa pili. Picha za "kabla na baada" huishia hapo kwa "baada", na hapo ndipo kazi inaanza. Haswa kama unaishi Kitengela ama Kajiado, mahali wikendi bila nyama choma ni kama Jumatatu tu.

Kwanza, ulifanyiwa nini?

Operesheni mbili ndizo hufanywa sana. Ya kwanza ni slivu. Daktari anatoa karibu asilimia 80 ya tumbo, linabaki jembamba kama ndizi. Ile sehemu imetolewa ndiyo ilikuwa inatengeneza homoni ya njaa kwa wingi, ndio maana miezi ya kwanza unaweza sahau hata kukula.

Ya pili ni baipasi. Fikiria vile Southern Bypass inakusaidia kukwepa tao. Daktari anatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30, halafu anakiunganisha na utumbo huko mbele. Chakula kinakwepa sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Shida ni kwamba hapo palipokwepwa ndipo mwili hufyonza madini mengi.

Puto ni kitu kingine. Hukatwi, na linatolewa baada ya miezi kadhaa. Na liposaksheni haiko kwa hii story kabisa, hiyo ni kufyonza mafuta yaliyo chini ya ngozi.

Sasa shika hii: daktari anakata tumbo, hakati mazoea. Njaa hurudi polepole, na watu wengi huisikia tena vizuri mwaka wa kwanza ukiisha. Kama kufikia hapo hujajenga tabia mpya, kilo zinaweza kurudi, na zile laki kadhaa ulizochangiwa ama uliuzia ploti ya Kisaju zimeenda na maji.

Kwa ubao wa nyama

Mnaenda choma wasee wanne, mnaitisha kilo mbili. Hiyo ni nusu kilo kila mtu. Wewe sasa, mwaka wa kwanza, mlo wako mzima unaingia kwa kikombe kimoja cha chai, ama chini ya hapo.

Watu hudhani hatari ni kula nyingi mara moja. Hapana, tumbo litakukataza lenyewe, utatapika. Hatari ni kudonoa. Kipande saa saba, kipande dakika kumi baadaye, na ubao uko hapo mbele yako hadi saa moja jioni. Tumbo halijai, lakini ukihesabu, umemaliza sahani mbili. Kwa hivyo weka portion yako kwa sahani yako, kula kwa dakika 20 hadi 30, halafu sukuma sahani. Ubao waachie wenyewe.

Pia, choma ngumu hukwama. Miezi ya kwanza chagua nyama ya kusaga, ya kuchemsha hadi iive vizuri, kuku ama samaki. Tafuna kila tonge mara 20 hivi. Ukisikia kifua kimebana, wacha hapo hapo, usilazimishe juu eti umelipia.

Protini mbele, ugali nyuma

Wataalamu wengi hushauri gramu 60 hadi 80 za protini kila siku. Bila hiyo unapoteza misuli pamoja na mafuta. Nywele pia hukatika sana kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Hiyo mara nyingi ni mshtuko wa mwili na nywele hurudi, lakini ukikosa protini na madini ya chuma inakuwa mbaya zaidi.

Si lazima ununue poda ya bei. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 8, na maziwa lala ya Kajiado iko hapo hapo. Ongeza ndengu, maharagwe, omena, kuku. Supu ya mifupa ni tamu lakini usidanganyike, protini yake ni kidogo. Kwa sahani anza na protini, halafu mboga, ugali uje mwisho kama kuna nafasi.

Wiki mbili za kwanza huwa ni vitu vya majimaji, halafu vilivyopondwa, halafu laini. Chakula cha kawaida hurudi polepole kama wiki ya nane. Ratiba uliyopewa hospitalini ndiyo inashinda ya mtandao.

Vitu vinavyopita bila kukwama ndivyo adui: soda, juisi, aiskrimu, chokoleti, chai ya sukari vijiko vinne. Tumbo dogo halizuii kitu laini. Kama ulifanyiwa baipasi, sukari nyingi inaweza kushuka kwa utumbo haraka ikakuletea jasho, moyo kudunda, kizunguzungu na kuhara.

Kwa wakwe Kajiado

Hapa ndipo wengi huanguka. Kukataa chakula cha mama mkwe kunaweza kuonekana ni madharau. Usingoje sahani ifike ndio uanze kujitetea. Piga simu mapema, kwa heshima: "Mama, daktari amenipangia nikule kidogo kidogo, usione nimekataa chakula chako." Ukifika, pokea, onja, shukuru, omba ufungiwe ubebe. Hauhitaji kueleza operesheni kwa ukoo wote.

Maji

Lenga lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa kupiga funda ndogo ndogo. Usinywe ukila, ngoja nusu saa baada ya mlo. Na ile jua ya Kitengela haicheki na mtu, kwa hivyo tembea na chupa.

Kuhusu maji, kitu kingine: mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Wiki nne hadi sita za kwanza usibebe. Mwambie kijana wa mkokoteni akufikishie mlangoni, si aibu.

Vitamini ni za maisha

Si za miezi mitatu. Multivitamini, B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, kulingana na daktari wako. Hii ni doo ya kila mwezi, kwa hivyo ihesabu kabla ya kuingia theatre, kama vile unahesabu rent. Ukiacha hutasikia kitu leo. Utasikia baada ya mwaka, miguu ikianza kufa ganzi, na upungufu wa B12 ukikaa sana unaweza kuharibu neva zisirudi. Pimwa damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama unajiona fiti.

Pombe, fegi na dawa za chemist

Pombe sasa inapanda haraka na inakaa zaidi. Glasi moja inaweza kukufikisha mahali chupa tatu zilikuwa zinakufikisha, na kama una ndai, Namanga Road si mahali pa kujipima. Madaktari wengi husema ukae mbali nayo angalau miezi sita hadi mwaka. Kuna jambo lingine watu hawaongelei: baada ya baipasi, hatari ya kuwa mlevi hupanda, na mara nyingi huonekana kuanzia mwaka wa pili. Ulikuwa unatuliza stress na chakula, chakula kimeondoka, stress imebaki. Ukiona chupa imechukua nafasi ya sahani, ongea na mtu mapema.

Fegi na shisha huleta vidonda pale paliposhonwa, na shisha ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Muguka nao huzima njaa, unaruka milo na maji bila kujua.

Kwa chemist, usiitishe tu Brufen ama diclofenac ukiumwa na kichwa. Hizo zinaweza kutoboa tumbo, haswa la baipasi. Kama unatumia dawa za presha ama sukari, dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa, lakini daktari ndiye anapunguza, si wewe.

Mwili na mapenzi

Anza kutembea mapema. Shuka stage moja kabla, uachane na boda. Ukipona, lenga dakika 150 kwa wiki na uongeze mazoezi ya uzito ili misuli ibaki. Wikendi moja peleka mbogi Ngong Hills badala ya choma. Iko hapa hapa kaunti.

Madem, sikizeni: uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba hupanda. Inashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kutofanya kazi vizuri baada ya baipasi, kwa hivyo ulizia njia nyingine kama koili ama ile ya mkononi.

Usingoje asubuhi

Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kutapika hadi maji hayakai, ama choo cheusi: hiyo ni ngori. Nenda hospitali usiku huo huo. Iwe ni Kitengela Sub-County ama Kajiado County Referral, sentensi yako ya kwanza iwe aina ya operesheni na tarehe uliyofanyiwa. Iandike kwa simu leo, na umuonyeshe mtu mnaishi naye keja moja mahali umeiandika.

Na kama una beshte alifanyiwa na ameacha kwenda kliniki juu "ako sawa", mtumie hii. Halafu usimwitishie kilo.