Iko, Lakini Haimo: Protini Zilizopotea Njia Ndani ya Seli

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hujifunza mapema kutofautisha viambishi vitatu vya mahali: po, ko na mo. Kitu kinaweza kuwa kiko, na bado kisiwemo panapohitajika. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika seli za mwili wa binadamu, kwani protini nzima iliyokosa mahali pake huweza kuleta maradhi, hata mauti.

Ndani ya seli mna vyumba kadhaa, kila kimoja na kazi yake. Kiini hutunza jeni, mitokondria huzalisha nishati, nazo lisosomu humeng'enya taka. Watendakazi katika vyumba hivyo ni protini. Je, protini iliyotengenezwa punde hujuaje chumba chake? Günter Blobel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York, alibainisha kwamba protini huwa na alama maalumu katika umbo lake, mfano wa anwani juu ya bahasha. Kwa ugunduzi huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Anwani ikikosewa, barua hupotea ingawa ujumbe wake haujaguswa. Chukua mfano wa ugonjwa wa kurithiwa uitwao haipaoksaluria ya aina ya kwanza. Katika seli za ini kuna kimeng'enya kiitwacho AGT, ambacho kazi yake ni kuigeuza kemikali ya glioksaleti iwe kitu kisichodhuru. Kazi hiyo hufanyika katika vyumba vidogo viitwavyo peroksisomu. Kwa baadhi ya wagonjwa, mabadiliko madogo ya jeni hukipeleka kimeng'enya hicho katika mitokondria. Kingali na uwezo wa kutenda, ila kimetenganishwa na kinachopaswa kutendewa. Wahenga walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo; hapa kinga moja imo chumba hiki, na ya pili chumba kile. Glioksaleti iliyoachwa hugeuka oksaleti, ikaungana na kalisi na kufanya mawe katika figo, hata figo zikashindwa kabisa.

Hali kadhalika, kuna ugonjwa adimu wa watoto uitwao ugonjwa wa seli-I. Vimeng'enya vya lisosomu hukosa alama ya sukari inayovielekeza, vikatolewa nje ya seli. Atakayepima damu ya mtoto atavikuta tele, ilhali ndani ya seli taka zinarundikana. Vimeng'enya viko, lakini havimo. Aghalabu watoto hao hufariki kabla ya kutimiza miaka 10.

Kujua chanzo hiki kumebadilisha namna ya kutafuta tiba. Katika maradhi ya sistiki fibrosisi, protini iitwayo CFTR hupaswa kukaa kwenye utando wa nje wa seli na kupitisha chumvi. Mabadiliko ya jeni yaliyoenea zaidi huifanya ikunjike vibaya. Seli huizuia njiani na kuivunja, na ute mzito hujaa mapafuni. Kwa kuwa protini hiyo huweza kufanya kazi kiasi ikifika utandoni, watafiti walitafuta dawa za kuifikisha. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na mseto wenye nguvu zaidi mwaka 2019. Vilevile, vitamini B6 huwasaidia baadhi ya wagonjwa ambao AGT yao imepotea njia.

Kwa hivyo, mtafiti anayechunguza maradhi ya aina hii hatosheki kujua kwamba protini ipo na ni ya kiasi gani. Sharti aulize pia imo wapi, kwa sababu huenda mgonjwa tayari anacho kinachohitajika, na tiba yake ikawa ni kukirejesha nyumbani.