KANSA YA NGOZI: NI NANI ALIYE HATARINI?



Wengi wetu husema kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba rangi nyeusi ya ngozi huzuia mionzi ya jua isitudhuru sana. Lakini kinga hiyo si kamili, na si kila mtu anayo. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981 kwa kansa ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Wagonjwa wengi huchelewa kwa kudhani ugonjwa huu hauwahusu.

WALIO HATARINI ZAIDI

1. Watu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga. Uganda iko kwenye ikweta, na jua ni kali mwaka mzima. Vidonda huanza usoni, masikioni, midomoni, shingoni na mikononi. Mama, mvalishe mtoto wako kofia pana na nguo za mikono mirefu tangu akiwa mdogo. Asikae juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Vaseline haizuii jua. Uliza kituo cha afya kuhusu mafuta maalumu ya kukinga jua.

2. Wenye kidonda cha siku nyingi au kovu la moto. Donda ndugu la mguuni, au kovu kubwa la moto linalopasuka mara kwa mara, laweza kugeuka kansa baada ya miaka mingi. Kidonda kioshwe, kifungwe na kitibiwe mpaka kipone kabisa.

3. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kansa iitwayo Kaposi huleta madoa ya zambarau au meusi miguuni, usoni au ndani ya kinywa. Ilijulikana Uganda hata kabla ya UKIMWI, lakini huwapata zaidi watu ambao kinga ya mwili imedhoofika. Pima damu. Ukiwa na virusi, kunywa dawa zako kila siku bila kuacha, maana zinapunguza sana hatari hii.

4. Wanaojichubua. Krimu za kung'arisha ngozi huondoa ile rangi inayotukinga. Nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru hata figo.

5. Sisi sote: miguu. Aina moja ya kansa huota kwenye unyayo au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki. Unaponawa miguu jioni, itazame hadi chini ya nyayo.

DALILI ZA KUANGALIA

- Kidonda kisichopona kwa muda wa mwezi mmoja.
- Doa au uvimbe unaokua, unaobadilika rangi au unaotoa damu.
- Mstari mweusi mpya chini ya ukucha mmoja.
- Kovu la zamani linaloanza kuchimbika au kunuka.

Mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu. Usingoje kuumwa.

UFANYE NINI?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya serikali kama raia wa Uganda. Mwonyeshe mhudumu mahali penyewe, hata kama ni pa siri. Ikihitajika, omba barua ya rufaa. Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, iko kwenye kilima cha Mulago, Kampala. Usipake asidi ya betri wala usikate uvimbe kwa wembe. Ukienda kwa mganga wa mitishamba kwanza, siku zinapita na kansa inakua. Ikigunduliwa mapema, aina nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo na mtu akapona.

Kansa ya ngozi haiambukizi kwa kushikana mikono, kula pamoja au kulala nyumba moja. Wala si laana. Usimtenge mgonjwa.

KWA VIONGOZI NA WALIMU

Siku ya mgao, mtu mwenye ualbino asisimame juani kwenye foleni. Mpeni kivuli au ahudumiwe mapema. Shuleni, mtoto mwenye ualbino asipewe kazi ya kulima mchana.

Kinga ni bora kuliko tiba. Ukimaliza kusoma karatasi hii, tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma.